Mguu wa Nne wa Mbuzi

Jeppestown, Jumanne, Juni 2011

Na nani alinituma kumwongezea yule mbuzi mguu?

Zulia la Uajemi lililetwa kwangu likiwa na tundu lililotafunwa na panya pembeni, basi. Wafugaji wa huko wamelifuma likajaa kuku, ngamia na mbuzi, kama mtoto anavyochora. Mbuzi mmoja alikuwa na miguu mitatu. Mimi, fundi wa mazulia niliyefunzwa Bukavu, nikaona aibu kazi itoke mikononi mwangu na kilema. Nikang'oa mafundo mekundu ya sufu, nikafunga meusi, nikampa wa nne. Nikajisifu hadi kwa mke wangu.

Leo mwenye zulia, bibi mzee, alipiga magoti sakafuni akimtafuta mbuzi wake. Nikamwonyesha.

"Papa, huyu si wangu. Wangu nilimwonea huruma tangu utotoni. Huyu anatembea tu kama wengine."

Hakunigombeza. Eish, afadhali angenigombeza.

Alipoondoka niliung'oa ule mguu, nikarudisha mafundo mekundu. Lakini sufu mpya inang'aa na ya zamani imefifia, alama inaonekana toka mlangoni. Kesho anarudi kulichukua. Mbuzi wake alizaliwa na miguu mitatu. Huyu wangu amekatwa mguu.