Natunga Uzi Bila Miwani, Lakini Sioni Pembeni

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi ipokee hivyo hivyo, aliyefikwa hachagui salamu. Mimi ni fundi cherehani, naandika haya dukani kwangu wakati binti yangu amekwenda kununua vifungo, kwa hiyo nikikatiza ghafla ujue amerudi.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kliniki kutafuta miwani tu, daktari akanipima akasema nina presha ya macho, akanipa dawa ya matone, nidondoshe kila jioni maisha yangu yote, nikamwuliza daktari, mbona siumwi, mbona naona vizuri, akasema ubaya wake ndio huo. Basi nikatumia, ikawa inawasha, macho yanakuwa mekundu hadi wateja wananiuliza fundi leo umelizwa na nani, mwisho nikajiambia mimi kipimo changu ninacho, ni sindano. Sisi mafundi ndivyo tunavyojuana, anayehangaika na tundu la sindano huyo macho yamekwisha, anayetunga mara moja ni mzima, na mimi kila asubuhi nachukua uzi mweusi na sindano nyembamba kuliko zote, bila miwani, huo umepita! Nacheka, namwita wifi yangu ninayeshona naye, “Njoo umwone kipofu wa daktari!” Nikaiacha dawa.

Baadaye nikaanza kujigonga kwenye mlango, kwenye kona ya meza, wateja wakiingia upande wa kushoto siwaitikii, wakasema fundi siku hizi ana maringo, mimi nikasema ni uchovu. Mpaka wiki iliyopita, dada, nimemaliza kupiga pasi kola, nikaitua pasi pembeni kushoto kama siku zote, bila kutazama, kumbe nimeitua juu ya mkono wa wifi yangu aliyekuwa anakunja suruali. Ukelele ule bado ninao masikioni. Na badala ya kunitukana akaniuliza, “Wifi, kwani hukuniona?” Sikumwona, naye alikuwa amekaa pale tangu asubuhi.

Nimerudi kliniki peke yangu. Jicho la kushoto nimebakiwa na kidirisha cha katikati, la kulia linafuata, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Nimelia mpaka nimechoka. Halafu daktari akasema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, kama nina watoto wapimwe, na mimi ninaye huyu mmoja tu, anashona meza ya pili, na posa yake imeshapokelewa. Juzi nimemsikia anamringia mwenzake, “Mimi macho nimerithi kwa mama, natunga uzi gizani.” Nilitamani ardhi inimeze. Nikimwambia, wakwe watasikia, watasema wanajitwika ukoo wa vipofu, harusi itavunjika na nitakuwa nimeivunja mimi. Siku nyingine naona heri nisingeamka. Je, siwezi kusubiri kwanza aolewe? Anakuja, naacha.

Fundi niliyekwisha

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nakupa pole ya kweli, si ya kupita njia. Mtu anayekula kwa macho yake akiyapoteza ni msiba, na msiba huliliwa, kwa hiyo lia. Lakini nilipofika hapo pa “nisubiri kwanza aolewe”, mama, ungekuwa karibu ningekufinya.

Naona bado hujaelewa kilichokupata. Ukitunga uzi unatazama katikati. Presha ya macho huanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, katikati hupaacha hadi mwisho. Kila asubuhi ulikuwa unapima mahali ambapo ugonjwa haujafika, halafu unacheka! Na sasa mwanao anajipima kwa sindano ile ile, na wewe unamsikia, umenyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unaficha yako na unataka kuficha na ya mwanao, ambayo hata hujui kama anayo. Huenda hana kabisa, wengi wenye mzazi mgonjwa hawana. Lakini hilo halijulikani kwa kujitazama kwenye kioo, linajulikana kwa kupimwa presha ya jicho na kutazamwa mshipa ulioko nyuma yake. Akikutwa nayo mapema na akashika dawa, ana nafasi kubwa ya kushona mpaka azeeke. Akikutwa kwa kuchelewa, atakuandikia wewe barua kama hii. Na mchumba atakayekimbia kwa sababu ya kichupa cha matone, mwache akimbie, mbele ya ndoa kuna makubwa kuliko hayo.

Wewe mwenyewe rudi kwenye dawa leo. Inawasha? Mwambie daktari akubadilishie, ziko za aina nyingi, lakini usiache kwa akili yako. Ukishadondosha, fumba macho, bonyeza kwa kidole kona ya jicho karibu na pua, subiri kidogo. Usinunue matone ya kuondoa wekundu bila kuuliza, mengine yanaipandisha presha hiyo hiyo. Sitakudanganya, kilichokwenda kimekwenda. Tunalinda hicho kidirisha.

Pasi iwe mbele yako, geuza shingo kabla ya kuitua, na wifi yako ahamie kulia. Mwambie ukweli, ameshaulipia kwa mkono wake. Mwambie pia hilo la kutotaka kuamka, yeye na daktari, leo hii, usilale nalo peke yako. Fundi aliyekwisha haulizi habari za mwanawe, kwa hiyo jina hilo nimelikataa.

Kesho binti akifika, usimpe kazi. Mketishe mbele yako, mtazamane machoni, kisha mwambie akupungie mkono upande wako wa kushoto. Hutauona. Atauliza, “Mama, kwani huoni?” Mjibu ukweli, fungeni duka, mwende kliniki wote wawili.