Vua Glavu Kwanza

Ndugu yangu Kolya,

Naandika kwa Kiswahili. Hukijui, najua. Lakini Kiingereza changu ni cha saiti tu. Lete, shusha, angalia kichwa. Hakiwezi kubeba barua ya msiba.

Umekufa Jumanne. Mpwa wako alinipigia nikiwa juu, Ilford hapa London, tunabomoa ghorofa la zamani. Kelele tupu. Nikashuka mpaka kwenye kontena la chai ndio nikamsikia. Moyo, akasema. Ulikuwa umekaa kwa dada yako, unasubiri chai ipoe. Wanakuzika Ijumaa, saa nne asubuhi kwa saa za huku. Yeye atashika simu ili tuone.

Nikapanda tena, nikaendelea kubomoa. Ningefanya nini?

Leo Alhamisi. Niko kwenye kontena, mapumziko ya mchana, wenzangu wamesinzia na buti zao. Naandika kwa sababu nimebanwa. Jumamosi Neema anapanda ulingoni. Fainali. Ngumi za ridhaa, wasichana wa nchi nzima. Unajua hiyo siku kuliko mimi, wewe ndiye kocha uliyemwingiza. Ila yeye hajui kama umekufa.

Nilimwambia Delroy peke yake, maana ndiye anayemsimamia Neema kwenye kona ya ulingo tangu urudi kwenu. Nilimkuta klabuni, pale Walthamstow nyuma ya duka la mazulia, anafagia. Akakaa chini palepale na ufagio wake. Alilia, Kolya. Halafu akapangusa uso akasema, "Mpaka Jumamosi, Baba Neema. Akishuka tu ulingoni tunamwambia wote wawili. Ukimwambia sasa umemmaliza."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu aliyetolewa mzigo begani.

Mzigo haukutoka. Niko nao nyumbani, na ile flati unaijua ilivyo. Ukifungua mlango wa chumba unagonga mlango wa choo. Neema anaruka kamba kwenye korido amevaa mfuko wa taka chini ya sweta, apunguze uzito. Mimi jikoni. Siwezi kwenda kuoga bila kumpita, siwezi kutoka nje bila kumpita. Na kila akinipita ananiuliza, kwa Kiingereza chake, "Baba, Kolya amekupigia?"

"Simu za huko zinasumbua," namwambia.

"Ujumbe hauendi. Alama moja tu."

"Ndio hivyo. Zinasumbua."

Anakurekodia sauti. Namsikia. Anakuambia yule msichana wa fainali anashusha mkono wa kulia kila akirusha wa kushoto, na anakuuliza aingie au asubiri. Anaituma. Anaangalia kioo. Halafu anaingia bafuni kunawa, anavuta kamba ya taa, na medali yako inagonga ukuta. Tik. Kila siku mara ngapi sijui. Uliifunga kwenye hiyo kamba siku unaondoka. Mama Neema angekuwepo angekufokea: medali ya bingwa wa Urusi kufanywa kishikio cha taa ya bafuni! Wewe ulisema ndiyo kazi ya kwanza ya maana hiyo medali imefanya.

Unakumbuka tulivyojuana? Thornton Heath, lile jengo lisilo na lifti. Tunapandisha mbao za jasi, wewe mbele mimi nyuma. Hukuwa unaongea. Tulidhani huna lugha. Kulikuwa na yule jamaa mnene wa kupaka plasta, kila mtu kwake ni mbwa. Siku hiyo akakuchagua wewe. Akakusukuma, akakutukania mama. Ukaweka mikono mfukoni.

Akarusha ngumi. Ukasogeza kichwa hivi tu. Akarusha nyingine. Ukasogea. Mikono bado mfukoni! Akarusha ya tatu kwa hasira, ikampeleka mpaka kwenye ndoo ya plasta. Saiti nzima ilicheka, hata fomeni aliegemea ukuta.

Nikakuuliza kwenye ngazi, "Wewe ulikuwa nani huko kwenu?"

"Bingwa," ukasema.

"Wa wapi?"

"Wa Urusi. Shika vizuri upande wako, unaachia."

Jioni nikamhadithia mke wangu. Hakuamini. "Bingwa anabeba mbao na wewe? Mlete nimwone." Nikakuleta. Alikupikia ugali na samaki wa nazi, akakuwekea pilipili pembeni. Ukaionja. Uso ukawa mwekundu mpaka masikio.

"Bingwa!" akakuambia. "Samaki huyo hapigi ngumi. Kula."

Ulikula ukamaliza. Jumapili iliyofuata ukaja mwenyewe bila kuitwa, umeshika samaki wa moshi kwenye gazeti, ananuka ngazi zote. Kuanzia hapo ukawa wa nyumbani. Ukaniita Baba Neema kama mke wangu alivyoniita. Jina langu hukuwahi kuniuliza.

Habari zako ulizitoa vipandevipande. Ulianza mtoto, kwenye chumba cha chini ya ardhi, juu yake wanaoka mikate. Mkono wa kushoto, kila mtu anakuogopa. Wakakupeleka kambi ya msituni. Uzio. Simu moja, ofisini kwa kocha. Nyama kila siku, wakati mama yako yuko kwenye foleni ya mkate. Ukawa bingwa wa vijana, ukawa bingwa wa nchi, ukarudia tena na tena. Walikupa chumba, walikupa koti. Ukitaka kwenda nyumbani unaambiwa baada ya shindano hili. Likiisha, kuna jingine.

Nikakuambia kwetu Moshi tunaye huyo. Ng'ombe wa ndani. Hatoki, analetewa majani bandani, ananenepa, watu wanakuja kumsifu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukajifunza hilo neno. Kiswahili chako chote kilikuwa hicho tu. Nikikuuliza hali yako asubuhi kwenye baridi ya saiti, unajibu, "Ng'ombe wa ndani." Wabangladeshi wa pale saiti wakadhani ndiyo salamu ya kwetu. Mmoja alinisalimia hivyo mpaka alipohama.

Halafu ile fainali ya nje. Hiyo ulinihadithia mara moja tu, meza yetu, mke wangu anaosha vyombo. Mama yako alikufa wiki uliyokuwa unajiandaa. Kocha alijua. Mpishi alijua. Dereva alijua. Mwenzako uliyelala naye chumba kimoja alijua, akawa anacheka na wewe kila asubuhi. Ukapanda, ukashinda, wakakuvisha medali. Wakakuambia kwenye ndege. Ulifika kwenu watu wameshakula chakula cha msiba, viti vimerudishwa kwa majirani.

Nikakuambia na kwetu ni hivyohivyo. Wanakuambia mgonjwa kazidiwa kidogo, jikaze, kumbe wameshazika. Mama yangu mwenyewe niliambiwa hivyo, kaka yangu kwenye simu. Wanasema ni kumhurumia mtu aliye mbali.

Ulinitazama. Ukasema, "Basi hata ndugu yako mwizi."

Mke wangu akafunga bomba.

"Wameniibia siku," ukasema. "Medali ninayo. Mama sikumzika. Wangeniambia, labda ningepigana, labda nisingepigana. Hilo lingekuwa langu."

Nikakuuliza kama ulimwacha yule kocha. Ukasema hapana, ulikaa naye tena mpaka mkono ulipovunjika. "Ningeenda wapi? Chumba ni chao, koti ni lao."

Hilo nilikuja kulielewa baada ya mke wangu kufa. Na mimi, nani aniulize kwa nini nabaki London? Kifua kimejaa vumbi, magoti yamekwisha. Ndugu zangu wananiambia rudi, shamba lipo. Mke wangu yuko makaburini huku. Nikienda nani atang'oa majani? Neema yuko huku. Kule wenzangu wa rika wamekufa au wamenisahau. Asubuhi napelekwa, jioni narudishwa. Sihitaji kukutafsiria, neno unalijua.

Na siku alipokufa mke wangu. Hospitali waliniambia nikiwa koridoni, nikashindwa kusogea. Neema yuko klabuni kwako, mtoto wa shule, hajui. Nikakupigia. Sikuweza kusema, ulijua kwa pumzi tu. Delroy ndiye aliyenihadithia baadaye ulivyofanya. Ulisimamisha mazoezi. Ukamkalisha Neema kwenye benchi. Ukamvua glavu ya kushoto, ukamvua ya kulia. Ukafungua bandeji za mikono taratibu, moja, halafu nyingine, ukazikunja ukaweka pembeni. Ndipo ukamwambia, "Mama amekufa." Hukusema amepumzika. Hukusema anaumwa sana.

Nilikuuliza kwa nini ulianza na glavu. Ukanijibu kama unamjibu mjinga. "Na glavu atajifutaje machozi?"

Fomeni anaita. Naacha hapa.

* * *

Sasa niko nyumbani, jioni. Naendelea.

Sikumaliza kazi. Nilipanda juu, nikashika nyundo, nikaona huyo mwenzako wa chumbani, anayecheka na wewe asubuhi, ni mimi. Uso wake sikuwahi kuuona ila nilimwona. Nikaweka nyundo chini. Fomeni akasema, "Unaumwa?" Nikasema, "Kuna msiba." Neno hilo nililitamka kwa mara ya kwanza.

Nilimkuta Neema koridoni. Ameshafunga bandeji mikononi, begi begani, anakwenda klabuni. Akaniambia, "Mbona mapema? Kolya amekupigia?"

Nikasema, "Kaa."

"Nachelewa, Baba."

"Kaa."

Akakaa juu ya begi. Nikapiga goti, unajua magoti yangu. Nikachukua mkono wake wa kushoto nikatafuta mwisho wa bandeji. Ile ya kunata pale kwenye kifundo. Nikaivuta.

Akaangalia vidole vyangu. Hakuangalia uso.

"Baba, acha."

Nikaendelea kufungua. Ni ndefu ile kitu, Kolya, sikujua ni ndefu hivyo. Inapita katikati ya kila kidole.

"Baba, acha. Acha." Lakini mkono hakuuvuta. Aliuacha kwangu. Nikamaliza, nikachukua wa kulia. Akawa analia kabla sijasema neno. Alishajua. Mtu mmoja tu aliwahi kumfungua mikono kabla mazoezi hayajaisha.

Nikazikunja vibaya nikaweka chini. Nikasema, "Kolya amekufa."

Alijifuta na viganja. Muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye nikimsemesha ananijibu Kiingereza.

"Lini?"

"Jumanne."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaniambia simu zinasumbua."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namtumia meseji, Baba. Ulikuwa unanisikia."

Zile siku mbili nimemwibia, hazirudi. Akaingia bafuni. Taa ikawaka, medali ikagonga ukuta, akafungulia maji. Mimi nimebaki chini koridoni siwezi kunyanyuka, mguu mmoja umekufa ganzi. Nilikaa hapo kama mzigo uliosahauliwa na lori.

Akatoka uso umelowa. Akaniona. Akaniinua kwa makwapa kama anavyomwinua mpinzani aliyeanguka ulingoni.

"Wanamzika lini?"

"Kesho saa nne. Mpwa wake atatuonyesha kwenye simu."

"Na wewe na Delroy mlitaka mniambie lini?"

"Jumamosi. Ukishuka."

Akasema, "Kama walivyomfanyia yeye."

Kumbe ulimhadithia na yeye. Sikujua.

Delroy akapiga simu kuuliza mbona hajafika. Nikamwambia nimeshasema. Alinitukana matusi ya kwao Jamaika, mengine sikuyaelewa, na hayo ndiyo yalikuwa makali. Nikamwacha amalize. Kisha akauliza, "Yukoje?"

"Amekula."

"Amekula nini? Atapimwa uzito!"

"Ugali. Na samaki."

"Kesho saa ngapi?" akauliza. Nikamwambia. Akasema atakuja na kiti chake, maana anajua flati yetu haina viti vya kutosha.

Jumamosi sijui. Neema hajasema kama atapanda, na mimi sijauliza. Bandeji ziko juu ya meza, amezikunja upya, zangu hazikumpendeza. Akizifunga ni yeye, asipozifunga ni yeye. Hiyo siku ni ya kwake, sisi tusubiri.

Kesho siendi kazini. Nimeshaegemeza simu kwenye kopo la unga, nimejaribu, inasimama. Hapo pembeni palikuwa pako, ndipo atakapokaa Delroy. Neema katikati. Tutakuona ukishushwa. Tutakuwa wachache na hatujui nyimbo za kwenu, ila watu watakuwepo na viti havijarudishwa.

Na mikono yetu itakuwa wazi.

Nenda salama, ng'ombe wa ndani. Mlango wa banda umefunguliwa.

Ni mimi, uliyebeba naye mbao,
Baba Neema