Mtu Aliyekaa Aone Maji

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda! Manispaa imefuta mpango wa ukuta wa ufukweni. Mita tatu za zege – mji mzima ungeitazama bahari kama mfungwa anavyotazama ua wa jela. Tangu mwaka jana nawapiga kwa makala. Mhariri amenipigia simu, sauti tamu kama ya mchumba: sentensi yangu imeingia kwenye mpango mpya neno kwa neno. “Mtu aliyekaa kwenye benchi aone maji.” Niliiandika nikisubiri chai ipoe. Sasa ni sharti la kwanza la usanifu.

Vijana wa kamati ya ufukwe wameichapa kwenye fulana. Rangi mbaya. Nimechukua moja.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kuona ufukwe ukipimwa. Nilijiandaa kugombana, sikupata wa kugombana naye. Mhandisi mkuu ni mwanamke mtulivu anayekubali kila kitu, na hakuna mpinzani anayechosha kama huyo. Amekuja na kiti cha plastiki. Anakiweka, anakaa, mwenzake anapima kutoka chini hadi machoni pake. Anahamisha kiti, anakaa tena. Nikacheka. Nikamwambia ile ilikuwa kauli tu, si kipimo. Akasema kauli iliyopitishwa na baraza kwake ni kipimo, tena yangu ni nzuri, haina utata.

Basi, hoja yake. Kinga ya dhoruba ikikaa kando ya maji lazima iwe mita tatu, na hapo aliyekaa haoni kitu. Kwa hiyo kinga inarudi nyuma, hadi barabara inapoanza kupanda. Huko tuta dogo la nyasi linatosha. Mbele ya tuta: bustani, ngazi, mabenchi, ardhi inayoruhusiwa kufurika. Safi. Hata mimi sikupata pa kung’ata.

Wamechora mstari wa tuta kwa chokaa. Umepita nyuma ya nyumba ya dada yangu.

Nyuma!

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia mhandisi. Nyumba za safu ya mbele hazibomolewi, wenyewe watabaki “kwa hiari yao”. Manispaa na lugha yake! Hiari ya dada ni mashine za kushonea mapazia chini, kitanda juu, na dhoruba ya mwaka juzi iliyofika jikoni. Nikauliza: je, kinga ikiwekwa mbele ya nyumba zile? Inawezekana, akasema, bila kinyongo. Itakuwa ukuta. Baraza linakaa Alhamisi. Sentensi ikiondolewa, atachora upya.

Ndiyo hivyo. Sentensi yangu au nyumba yake.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa dada. Mapazia ya hoteli kila mahali, pa kukaa hakuna. Ameuona mstari. Wamenichora nje kama mbwa, anasema, pini mdomoni. Gazeti langu halisomi, anasema lina kelele. Amesikia tu kuna msomi mmoja ndiye aliyeleta mambo ya benchi.

– Huyo mtu ana nyumba?

Nikasema sijui. (Anayo. Ghorofa ya nne, kilimani.)

– Mchambue kama karanga, mdogo wangu. Si ndiyo kazi yako? Mwandikie kitu alie.

Nikasema nitaona. Akanivua koti, akakaza kifungo kilicholegea, huku akiendelea kumtukana yule mtu. Matusi mazuri sana, mengine sijawahi kuyasikia. Mawili nimeyanakili.

Jumanne, 12 Machi

Nimejaribu kuandika tamko la kuiondoa sentensi. Aya tatu, zote zinaishambulia manispaa. Sijui kuandika kitu kisicho na adui! Nikageuza, nikaandika la kuitetea: mji mzima haufungiwi maji kwa ajili ya nyumba chache. Hoja imesimama. Ingekuwa ya mtu mwingine ningempigia makofi.

Mhariri anataka makala ya ushindi. Nimemwambia naumwa jino.

Alhamisi, 14 Machi

Ukumbi wa baraza. Naandikia gotini, nisimtazame mtu. Dada yuko kushoto kwangu, amevaa viatu vya harusini. Ndiye aliyenishikia kiti. Ananitambulisha kwa majirani: mdogo wangu, mwandishi, leo mtamsikia. Fulana ziko nyuma, safu mbili nzima. Mbele, mhandisi ametundika michoro miwili. Miwili! Amechora yote kabla hajaombwa. Mwanamke huyu.

Dada ameitwa. Hakwenda kwenye maikrofoni, alisimama palepale. Mimi sihitaji benchi ili niyaone maji, alisema, nimeyaona jikoni kwangu. Ukumbi ukacheka, hata fulana. Akasema bustani ni nzuri, hana ugomvi nayo, ila huyo anayependa sana kuyaona maji aje alale kwake msimu mmoja, chini, pamoja na mashine. Wakacheka tena. Nami nikacheka.

Amekaa.

– Nimeharibu?

– Hapana, dada. Umesema vizuri.

– Haya. Mmalizie wewe.

Mwenyekiti anasema swali ni moja tu, sentensi ibaki au itoke. Kura inakuja. Lakini bahati nzuri, anasema, mwenye sentensi tunaye humu ndani, kwa hiyo kwanza tumsikie yeye.

Dada amegeuza shingo. Anamtafuta huko nyuma, kwenye fulana.