Kitambi cha Baba

Jumamosi, 5 Julai
Jumamosi nyingine, unafiki uleule. Baba na klabu yake ya mbio wamekimbia kutoka Sofu hadi mtaa wa Picha ya Ndege. Fulana nyekundu, nyimbo, makelele. Wakamalizia kwenye supu ya kongoro na chapati nne kwa kila mkimbiaji. Hayo si mazoezi. Ni maandamano ya kwenda sufuriani. Daktari alishamweleza waziwazi: kitambi, presha, sukari inayopanda na pumzi inayokatika usingizini ni ukoo mmoja. Baba aliitikia kwa heshima zote. Leo ameongeza chapati ya tano.

Jumatatu, 7 Julai
Sikukuu. Baada ya pilau Baba amelala chali kochini. Amekoroma hadi vioo vya kabati vikatetema. Halafu kimya. Nilihesabu hadi ishirini ndipo alipogutuka, akivuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.
"Mwache baba yako apumzike."
"Hapumziki, Mama. Anakabwa."
Naogopa. Nachukia kuogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Nimebandika ilani yangu kwenye mlango wa jokofu. Nusu ya sahani mboga za majani. Ugali usiozidi ngumi. Soda na bia marufuku. Chakula cha jioni saa moja, si saa nne. Kulala kwa ubavu. Kutembea nusu saa kila siku, si kukimbia mara moja kwa wiki ili kuhalalisha ulafi. Baba ameisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.
"Mheshimiwa, na sisi wananchi wenye matumbo tumeshirikishwa?"
Mama amecheka hadi machozi. Taifa la wachekeshaji. Ila jioni Baba amekula matembele, nusu sahani.

Jumapili, 24 Agosti
Wiki sita ametii. Mkanda umerudi matundu mawili, mikoromo imepungua. Nilishaanza kujivuna. Leo akaja Baba Mdogo, tumbo likimtangulia mlangoni kama mpambe.
"Kaka, mbona umepukutika hivyo? Mtaani wanasema umeukwaa."
Basi. UKIMWI. Kwetu mwanamume akinenepa amefanikiwa. Akipungua, watu wanaanza kupanga mazishi. Heshima inapimwa kwa mzingo wa kiuno, na wapimaji wenyewe hawawezi kupanda ngazi bila kuhema. Baba hakubisha. Alivuta sahani, akajaza wali mara tatu mbele ya ndugu yake, kama shahidi anayetoa kielelezo mahakamani. Nawadharau wote wawili.

Jumamosi, 6 Septemba
Tulikuwa tunakwenda Kurui kwa Shangazi. Baba kwenye usukani, mimi pembeni yake, Mama nyuma. Wiki mbili za wali na bia. Mikoromo imerudi yote. Nilikuwa namhutubia juu ya woga wa watu wa rika lake. Nilikuwa fasaha mno. Macho mbele, mkono hewani, kama niko jukwaani. Sikumtazama hata mara moja. Gari likaacha barabara, likafyeka mihogo, likazimika. Baba alikuwa amelala. Mama akapiga yowe, ndipo Baba akaamka. Hakuna aliyeumia. Mwenye shamba alikuja na jembe begani, akatusaidia kusukuma.
"Poleni. Mzee kachoka tu."
Si uchovu tu, ni usingizi ulioibwa na mikoromo. Angetuua. Na mimi nilikuwa nahutubia mtu aliyelala. Leo dharau yangu yote imenirudia mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba
Baba amemkabidhi Mama funguo za gari. Mama hajui kuendesha. Jana Baba alirudi kwa daktari, peke yake.
Leo jioni alinigongea mlango, amevaa raba. Tukatembea. Safari hii sikuhutubia. Karibu na duka, jirani mmoja akamwita Baba:
"Shikamoo, mzee. Tumesikia unaumwa?"
"Marahaba. Naumwa kweli," akasema Baba. "Nimeambiwa nitembee."
Tukaenda hadi kwenye nguzo ya umeme. Baba akasimama kupumua, mkono wake begani mwangu. Mzito. Nikasimama nao hadi pumzi ikamrudia.
Tukarudi polepole.