Zumari Linachongwa kwa Kipimo cha Mkono wa Marehemu Baba

Shangazi Attracta,

Nakuandikia nikiwa sijielewi, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mama aliyenizaa amenicheka kisha akalia, sasa sijui nishike lipi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nauza chakula cha ng'ombe katika duka la ushirika huku jimboni Clare, na napiga zumari la kiwiko, lile letu la kupigwa umekaa, kiwiko kimoja kinasukuma mivukuto na kingine kinabana mfuko, na aliyenifundisha ni marehemu baba yangu, Murt. Majina yote nimeyabadilisha kwa ajili ya gazeti.

Baba alikuwa wa kushoto. Zumari la mtu wa kushoto huchongwa kinyume, vibonyezo na mabomba ya mvumo yote yanakaa upande wa pili, na mtu wa kulia kama mimi akilipakata hajui hata aanzie wapi. Miaka kumi na moja iliyopita baba aliandikisha jina kwa Ambrose, fundi anayeishi peke yake milimani mpakani na jimbo la Galway, hana simu, barua hajibu ila akitaka mwenyewe, anatengeneza mazumari mawili kwa mwaka, na orodha yake wanasema ni ndefu kuliko litania ya watakatifu. Baba akasubiri, gari la posta likipita anainuka kitini. Machi ya mwaka juzi moyo wake ukasimama akiwa anafunga lango la ng'ombe, tukamzika, na hakuna aliyemwandikia Ambrose, mimi sikukumbuka, au nilikumbuka nikaahirisha, sijui, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Novemba iliyopita ikaja kadi. "Murt, zamu yako. Mbao zimekauka vizuri. Upo?" Shangazi, niliisoma nimesimama mlangoni na koti bado mwilini, na badala ya kumwambia mzee wa watu ukweli nikaandika "Nipo," nikasaini M. na jina letu la ukoo, nikajiambia huo si uongo kwa sababu hata jina langu mimi linaanza na M. Wiki mbili baadaye ikaja karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne: "Chora mkono wako nione vidole vimekuwaje na uzee. Bado ni wa kushoto?" Hapo ningeweza kuacha. Lakini nilikwenda kwenye banda la zana nikachukua glovu ya baba ya kuchimbia viazi, nikaingiza mkono wangu ndani, nikaichora, nikaandika "Bado," nikatuma.

"Umefanya nini wewe?" mama akauliza.

"Nimechora glovu."

Alicheka mpaka akashika meza, kisha akafuta macho akasema, "Basi chukua. Zamu ni ya baba yako na wewe ni damu yake." Kesho yake asubuhi, uji wa shayiri ukiwa mezani, amegeuka: "Usichukue. Utaletaje humu ndani kitu cha Murt ambacho Murt mwenyewe hajakigusa?" Tangu hapo anabadilika kila siku, na mimi nabadilika naye.

Halafu kuna Cathal, rafiki yangu, tunapiga zumari pamoja baani kila Jumapili baada ya misa. Aliandikisha jina mwezi mmoja baada ya baba, ndiye anayefuata, na hajui lolote. Jumapili iliyopita akasema, "Ambrose kimya siku hizi. Au ameshatangulia?" Mwenye baa akamjibu, "Ambrose afe? Ataanzaje, na orodha yote ile?" Watu wakacheka, na mimi nikauliza kama natania, "Hivi mtu akifa, zamu yake inakwenda wapi?"

"Inakufa naye," Cathal akasema. "Kwani ni shamba?"

Chai ilinipalia.

Nimekwenda kwa Ambrose mara tatu kumwambia ukweli. Mara ya kwanza nilibisha hodi, mashine ya kuchongea ikanyamaza, nikangoja nusu saa, mlango haukufunguliwa. Mara ya pili langoni palikuwa na kibao, "Nipo kanisani," siku yenyewe Jumanne na mashine inaunguruma. Mara ya tatu jirani yake aliyekuwa akilisha kuku akaniita, "Dada, usimbishie akiwa kazini! Kipande kikiharibika atakulaumu mpaka Pasaka." Basi nikachungulia dirishani, yeye amenipa mgongo, na ukutani juu ya meza yake kuna glovu niliyoichora, ameibandika kwa misumari midogo na chini yake ameandika "Murt." Nilikimbia, Shangazi, mtu mzima na akili zangu.

Sasa nimeanza kujifunza kupiga kwa kushoto na mama anasema ni kama kuku anakabwa. Zumari ninalotumia nimeliazima kwa chama cha wapiga zumari, nacho kinalitaka kabla ya kiangazi, kwa hiyo nikisema ukweli nabaki mikono mitupu, na nisiposema nitaletewa zumari ambalo siwezi kulipiga. Na la kutisha zaidi, sijui kama nalitaka nilipige au nalitaka tu liwepo kwenye kiti chake. Nifanye nini?

Mkono wa Kulia, Clare

JIBU LA SHANGAZI ATTRACTA

Mkono wa Kulia, pole sana na msiba. Nakupa pole leo kwa sababu naona miaka miwili imepita na wewe bado uko langoni na ng'ombe.

Nimeshakupa pole, sasa nisikilize. Umebadilisha majina, hongera, lakini hebu niambie Clare kuna marehemu wangapi waliopiga zumari kwa kushoto? Watu wa kwenu huusoma ukurasa huu kabla ya matangazo ya vifo. Kufikia Jumapili Cathal atakuwa anajua, kwa hiyo mwambie wewe kabla hajasoma. Mwambie kwa mdomo wako, na usimzungushe na mambo ya herufi M. Ulijua vizuri ulichokuwa unasaini. Atanuna, na ana haki ya kununa.

Kuhusu mama yako, muache abadilike anavyotaka. Ni mjane, mambo hayo kwake hayana jibu moja. Ila wewe acha kumfanya hakimu wako.

Unaniuliza habari ya zumari, na mimi nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mtu mmoja ambaye hukumuulizia hata kidogo. Ambrose. Unamwona ni mlango usiofunguka, basi. Mtu ambaye hamjibu yeyote alimwandikia baba yako "Upo?" Akaulizia vidole vyake na uzee. Wewe ulikuwa na jeneza, ulikuwa na majirani waliojaza jiko lako kwa mikate na chai, ulikuwa na misa ya mwezi mmoja baada ya mazishi na kadi ya kumbukumbu yenye picha. Yeye amepewa glovu. Anaamka kila asubuhi anamchongea rafiki yake, anautazama mkono ule ukutani, anafurahi kwamba angalau huyu bado yupo. Umemfanyia ukatili, binti, hata kama hukukusudia, na kila siku unayochelewa anaongeza kipande kingine.

Hujachanganyikiwa kuhusu zamu. Uliandika "Nipo" kwa sababu kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake baba yako alikuwa bado hajafa, na hukutaka kumharibia. Naelewa. Ningekuwa mimi pengine ningechora glovu zote mbili. Lakini imetosha.

Fanya hivi. Acha huo mchezo wa kushoto, utajiumiza mkono bure. Jumamosi hii chukua kadi ya kumbukumbu ya baba yako na hilo zumari la kuazima, nenda mlimani. Usibishe. Kaa kwenye ukuta wa uani, piga wimbo ambao baba yako alikuwa akiupenda, piga kwa mkono wako mwenyewe, hata ukikosea. Fundi aliyewachongea watu miaka yote hiyo anamjua Murt kwa masikio. Atakapofika mlangoni atakuwa ameshajua kwamba aliyekaa pale si Murt.

Zamu usiitaje. Usiombe, usijitetee, wala usimtajie Ambrose habari za Cathal. Akiamua kulimaliza hilo zumari, kulivunja au kumpa mtu mwingine, hiyo ni kazi yake na mbao ni zake. Wewe mpe kadi, mwambie ilikuwa Machi, mwambie habari ya lango. Kisha ukae naye muda wote atakaotaka, kwa sababu kwake yeye Murt atakuwa amekufa Jumamosi hiyo.