Majani ya Mpapai Katika Kazi ya Rukiah

Jumapili, 7 Septemba 2014

Aibu leo! Harusi ya Kibuli, wageni mia tatu, nyama imegeuka uji. Ilikuwa ya ng'ombe mzee, nikaifunga majani ya mpapai ilainike, kama siku zote. Nikaenda kuswali, nikanogewa na maongezi — nikasahau kuyatoa. Mwenye harusi akaja juu: Mzee Dawudi, hii pilau au chakula cha wasio na meno? Nikasema ni Abudu wa bucha, kaniuzia nyama mbovu. Astaghafirullah. Ulimi ulitangulia.

Jumatatu, 8 Septemba

Binti yangu Rukiah, anayesomea digrii ya pili, kaja. Nikamwambia ukweli wote. Badala ya kunicheka, karuka! Baba, hiyo ndiyo fibrosisi yangu, ugonjwa ninaouchunguza!

Kanieleza polepole. Kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa huo: makamasi mazito mapafuni, vijidudu vinanasa humo. Chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana, zinamwaga vimeng'enya. Hivyo vinakata protini, kama utomvu wa mpapai unavyokata nyama. Mwili una kitu cha kuvizuia, lakini vikizidi vinakishinda. Basi vinakatakata hata protini za ulinzi, zile zinazokamata vijidudu. Mlinzi anauawa na askari wa upande wake!

Nikasema: kumbe hakuna wa kutoa majani kwa wakati. Kayaandika. Maneno yangu, mimi wa darasa la saba!

Jumatano, 17 Septemba

Kesho Rukiah anatetea kazi yake mbele ya maprofesa. Mara ya kwanza walimrudisha, eti haeleweki. Wakimrudisha tena, basi, digrii hakuna. Anataka kusimulia ile nyama. Baba, utaona haya? Watu wa Kibuli watakuwepo. Nikasema, kale, sawa, simulia tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika nje ya ukumbi. Alivyosema mwanangu! Kaisimulia ile nyama yote. Kisha profesa mmoja, mama wa miwani, akatania: huyo mpishi bado anaitwa kwenye harusi? Wakacheka. Rukiah akatazama karatasi zake, asinitaje.

Nikasimama. Ni mimi, mama. Nyama ilikuwa nzuri, kosa langu. Makofi! Profesa akamwambia Rukiah: sasa hata mimi nimekuelewa.

Wametutoa, wanajadiliana. Mlango bado umefungwa. Wampe, wasimpe — alhamdulillah, huyu ni wangu.

Nimempelekea Abudu ujumbe: Salaam aleikum, ndugu yangu. Hujambo? Watoto wazima? Nyama ya harusi ilikuwa safi. Niliiharibu mimi, nikakusingizia. Leo namwendea mwenye harusi nimwambie. Tafadhali nijibu upesi.