Usimtundike Bi Mize Ukutani

Kaka yangu uliye Unguja,

Assalaam aleikum. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki yako. Baada ya hapo usitaraji maneno laini.

Barua yako nimeipata. Unasema ile picha uliyompiga Bi Mize imewapendeza wakubwa wa jumuiya yenu ya hisani, nayo itakuzwa na kutundikwa ukutani siku matajiri watakapoalikwa kuwachangia waliounguliwa na nyumba huku Madungu. Unataka nikuletee jina lake kamili liandikwe chini. Kaka, nimeisoma kwa hasira.

Umesahau nani alitulea Mama alipofariki? "Njooni mnionjee chumvi," Bi Mize alikuwa akituita kutoka uani kwake, nasi tukaonja, tukaonja, hata chungu kikabaki nusu. Mtaa mzima ulijua tunamsaidia kupika. Hakuna aliyejua kwamba kwetu jiko limelala. Wewe ndiye uliyekuwa hodari: mdomo umejaa muhogo, bado unasema chumvi hujaisikia vizuri! Nacheka ninapoandika, na hasira haijaniisha.

Siku ile ulipokuja na kamera yako, Bi Mize alikuwa analala ghalani juu ya magunia ya karafuu, yeye na wenzake waliounguliwa. Asubuhi alikuja kwangu kuazima kanga, kwani mtu haendi mbele za watu na nguo yenye masizi. Wote waliazima kwa majirani. Ukawakuta wamejitanda vizuri, wananukia udi, ukakunja uso. "Nani ataamini kuwa hawa hawana pa kulala?" ulimwambia mwenzako. Kisha ukamwamrisha Bi Mize avue kanga, asimame kichwa wazi na gauni lake lililoungua. Nilikwambia, "Kaka, huyu ni Bi Mize." Ukanijibu nisikuharibie kazi, jua linakwenda.

Akavua. Alidhani ndiyo sharti la kupata zile kaniki mlizokuja kugawa, na wakati huu wa vita nguo ni adimu. Mnagawa nguo za kuwasitiri watu, na kwanza mnawavua! Hiyo ni hisani gani?

Hoja yako naijua. Bila picha matajiri hawatoi kitu, na bila wao masika yatawakuta watu ghalani, tena mwenye ghala anataka ghala lake kabla ya vuno. Makuti yanatakiwa, miti inatakiwa, na mimi sina. Lakini Zuhura, binti yake, ameolewa huko huko Unguja, kwa mama mkwe mwenye ulimi mrefu. Bi Mize hajamwambia kuwa nyumba imeungua. Kila akipata msafiri anampelekea salamu, kwetu kwema, hatujambo. Zuhura akisikia jina la mama yake limesomwa hadharani, na mkwewe yuko pembeni, atauweka wapi uso wake?

Hata hivyo sikukata shauri peke yangu. Juzi nilimfuata ghalani nikamweleza yote: matajiri, makuti, jina. Nikamwambia wazi kwamba huenda paa lake linatoka kwenye picha ile. Aliendelea kumenya muhogo.

"Kaka yako hajambo?" aliniuliza. "Ala vyema huko?"

Nikamwambia hujambo.

"Alhamdulillahi. Basi mwambie jina langu miye simpi. Ikiwa picha haiendi bila jina, naandike lakwe. Watu wamjue alonivua."

Ndiyo majibu yake, sikuongeza neno wala sikupunguza. Picha iko mikononi mwako. Ukiitundika, siku utakayorudi Pemba usianzie kwangu. Anzia kwake, umsalimie, na umtazame usoni bila kamera.

Ni mimi dada yako, nakuombea dua pamoja na hasira zangu.